Kohei Uchimura na zile 0.099: bingwa wa jimnastiki huhesabiwaje?

Sisi Waganda tumelelewa na michezo isiyo na ubishi. Joshua Cheptegei alipomaliza mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi ya Olimpiki, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini dhahabu ni yake. Stephen Kiprotich alikata utepe wa marathoni ya London mwaka 2012 akiwa peke yake, na Peruth Chemutai akafanya hivyo hivyo Tokyo katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliyetangulia katangulia. Hata kwenye ndondi, mchezo uliotuletea medali zetu za kwanza kabisa kule Mexico mwaka 1968, mtu akiangushwa chini akashindwa kuinuka, ukumbi mzima umeelewa.

Jimnastiki haiko hivyo. Vijana ninaotazama nao Olimpiki katika vibanda vya video hapa Kampala huanza kwa kushangilia na kuishia kwa kulalamika. Wanamwona mtu amepaa, amejizungusha hewani mpaka hesabu imewapotea, ametua, halafu anashindwa na mwenzake aliyefanya jambo ambalo kwa macho yao ni jepesi. Wakati mwingine wanamwona aliyeanguka akimpita ambaye hakuanguka. "Mzee, hapa kuna wizi," huniambia. Mimi siamini kwamba kuna wizi. Kuna hesabu ambayo hawajawahi kuelezwa, na njia bora ninayoijua ya kuieleza ni kufuata maisha ya uwanjani ya mtu mmoja: Kohei Uchimura wa Japani, ambaye kwangu ndiye mwanajimnastiki mkubwa kuliko wanaume wote waliowahi kupanda vyuma vile.

Tuanze na usiku uliozua maneno mengi. Tarehe 10 Agosti 2016, Rio de Janeiro, ilikuwa fainali ya wanaume ya vifaa vyote. Uchimura, akiwa na miaka 27, alikuwa akitetea dhahabu yake ya London. Baada ya vifaa vitano kati ya sita, kijana wa Ukraine, Oleg Verniaiev, alikuwa mbele yake kwa alama 0.901. Kikabaki kifaa kimoja tu. Kilipokwisha, ubao ulisoma Uchimura 92.365, Verniaiev 92.266. Tofauti ilikuwa 0.099, haifiki hata moja ya kumi ya alama, baada ya vifaa sita vya kazi ngumu. Katika mkutano na waandishi wa habari, mmoja wao alimuuliza Uchimura kama haoni kwamba waamuzi wanampendelea. Aliyelijibu swali hilo kwa ukali ni Verniaiev mwenyewe, aliyeshindwa: alisema ni swali lisilo na maana na kwamba alama zilikuwa za haki.

Verniaiev alijua kitu ambacho mwandishi yule hakukijua.

Vifaa sita, mwili mmoja

Jimnastiki ya wanaume ina vifaa sita. Cha kwanza ni sakafu, mraba wa mita 12 kwa 12 wenye springi chini yake. Kuna farasi wa vishikio, gogo lililovikwa ngozi ambalo juu yake mtu huzungusha miguu akiwa amejibeba kwa mikono tu, na miguu hairuhusiwi kugusa kitu. Kuna pete mbili zinazoning'inia, kifaa cha nguvu tupu, ambapo mtu hunyoosha mikono pembeni sambamba na ardhi na kubaki hapo hewani kwa sekunde mbili bila kutikisika. Kuna meza ya kuruka, ambayo mkimbiaji huijia kwa mbio zisizozidi mita 25. Kuna fito mbili sambamba. Na kuna chuma cha juu, chenye unene wa milimita 28, kilichowekwa mita 2.8 kutoka sakafuni, ambapo mtu huachia mikono, hubinuka juu ya chuma chenyewe na kukidaka tena.

Kila kifaa kina medali yake. Lakini taji kubwa ni la jumla, la vifaa vyote sita vikijumlishwa, na hapo ndipo watazamaji wengi hupotea. Mzazi yeyote wa Uganda ambaye mtoto wake amefanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anaielewa hesabu hii: masomo manne, jumla moja, na ile D1, alama ya juu kabisa, ya hisabati haimwokoi mtoto ambaye Kiingereza kimemwangusha. Ubingwa wa jumla unamtafuta mtu asiye na somo bovu.

Kumpata mtu huyo ni shida kwa sababu vifaa vyenyewe vinagombana. Pete zinataka mabega mazito na kifua kipana. Farasi wa vishikio anampenda mtu mwepesi, mwenye mikono mirefu na mdundo usiokatika. Sakafu na meza ya kuruka vinadai miguu yenye mlipuko, wakati chuma cha juu kinadai ujasiri wa kuachia ukiwa kichwa chini. Ukiongeza misuli ya pete, umeongeza mzigo utakaoubeba kwenye farasi. Ndiyo maana mabingwa wengi huchagua kifaa kimoja au viwili na kuvikalia hapo. Uchimura, mtu mfupi wa sentimita 162, aliikataa njia hiyo karibu maisha yake yote ya uwanjani. Alishikilia kwamba mwanajimnastiki ni yule wa vifaa sita.

Akaunti mbili za alama

Zamani hesabu ilikuwa rahisi kusema: kilele ni 10. Kila mtu aliipenda kwa sababu hata mtoto aliielewa. Kilichoiua ni Athens, mwaka 2004. Yang Tae-young wa Korea Kusini alifanya zoezi la fito sambamba ambalo thamani yake ya kuanzia ilipaswa kuwa 10, lakini waamuzi wakaliandika 9.9. Mwisho wa mashindano alikuwa wa tatu, nyuma ya Mmarekani Paul Hamm kwa 0.049. Ile moja ya kumi iliyopotea ingempa dhahabu. Kesi ilifika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ikakataliwa, na Hamm akabaki na medali yake. Aibu ile iliusukuma mchezo kwenye kanuni mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2006, mwaka mmoja kabla Uchimura hajaanza kuivalia Japani mashindano makubwa ya wakubwa.

Katika kanuni mpya kila zoezi lina alama mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya ugumu. Hii inaanza sifuri na kupanda. Kila kipengele kimepewa herufi: A ni 0.1, B ni 0.2, C ni 0.3, na kuendelea. Enzi za Uchimura vilihesabiwa vipengele kumi, kikiwemo cha kushukia, na juu yake kukawa na nyongeza kwa kutimiza masharti ya kifaa. Ya pili ni alama ya utekelezaji. Hii inaanza 10 na kushuka. Kosa dogo hukata 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, na kuanguka hukata alama nzima. Goti likipinda, limekatwa. Miguu ikiachana pasipo sababu, imekatwa. Vidole vya mguu visiponyooka, hatua ikiongezeka wakati wa kutua, kiwiliwili kikichelewa kufika wima, yote hayo yanakatwa. Waamuzi kadhaa hutoa alama hii kila mmoja peke yake, kisha ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Kwa hiyo mwamuzi mmoja mwenye chuki au mapenzi hana nafasi kubwa ya kuharibu.

Sasa lile swali la vibandani linajibika. Aliyeanguka amepoteza 1.0. Ikiwa zoezi lake lilikuwa na ugumu uliozidi wa mwenzake kwa 1.3, na kwingine kote alikuwa safi sawa na yeye, atampita hata baada ya kuanguka. Hakuna muujiza wala hongo.

Lakini kwa kocha hapo ndipo kazi inaanza. Ugumu unachaguliwa nyumbani, miezi kabla ya mashindano. Usafi unapotea ukumbini, mbele ya watu. Ukibadilisha kipengele cha C ukaweka cha E, umejiongezea 0.2. Kama kipengele hicho kipya kitakufanya upinde magoti na kuongeza hatua mbili unapotua, umejinyang'anya zaidi ya ulichojipa. Waliomzunguka Uchimura walikuwa wakizidi kupandisha ugumu kila mwaka. Yeye naye alikuwa na ugumu mkubwa, ila hakuununua kwa deni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni fainali ya sakafu ya London 2012. Uchimura na Mrusi Denis Ablyazin walipata alama sawasawa, 15.800. Ablyazin alikuja na ugumu wa 7.1 na akatekeleza kwa 8.700. Uchimura alikuja na ugumu wa 6.7 na akatekeleza kwa 9.100. Jumla ni ile ile. Kanuni zikasema wakilingana, aliyetekeleza vizuri zaidi atangulie. Fedha ikaenda kwa Uchimura na shaba kwa Ablyazin. Dhahabu ilichukuliwa na Zou Kai wa China. Ukitaka kumfundisha mtoto kanuni za mchezo huu, mpe namba hizo nne na umwache azitazame.

London hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili, ule wa alama ya ugumu, kwa namna iliyoumiza. Katika fainali ya timu Uchimura alikuwa wa mwisho kupanda farasi wa vishikio, na alipokuwa akishuka alipoteza mhimili, akateleza pembeni alipokuwa amesimama kwa mikono na kutua kwa kubahatisha. Waamuzi hawakukitambua kipengele cha kushukia. Hilo ni pigo mara mbili, kwa sababu inapotea thamani ya kipengele chenyewe na pia nyongeza ya sharti lake. Japani ikaonekana ya nne. Makocha wakakimbilia meza ya waamuzi kupinga, kwa maana alama ya ugumu inaruhusiwa kukatiwa rufaa papo hapo, wakati ile ya utekelezaji hairuhusiwi kabisa. Video ikatazamwa tena, kipengele kikakubaliwa, akarudishiwa 0.7. Japani ikapanda hadi fedha kwa 271.952, Uingereza ikashuka hadi shaba kwa 271.711, na Ukraine, iliyokuwa imeanza kushangilia, ikatoka mikono mitupu kwa 271.526. Ukumbi ulizomea. Kikanuni lilikuwa sahihi, na bado nawaonea huruma wale vijana wa Ukraine. Verniaiev alikuwa mmoja wao.

Mtoto wa wazazi wenye ukumbi

Uchimura alizaliwa tarehe 3 Januari 1989 Kitakyushu, akakulia Isahaya katika mkoa wa Nagasaki. Baba na mama yake wote walikuwa wanajimnastiki, nao wakafungua ukumbi wao wa mazoezi. Alianza akiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo kabla hajajua kusoma alikuwa ameshazoea kujua kichwa chake kiko wapi wakati mwili uko hewani, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kumfundisha mtu mzima. Akiwa na miaka 15 aliondoka kwao kwenda Tokyo kufanya mazoezi na wakubwa.

Beijing 2008 alikuwa na miaka 19. Katika fainali ya jumla alianguka kutoka kwenye farasi, mara mbili, akaporomoka mkiani. Wengi wangekata tamaa. Yeye akapanda kifaa kimoja baada ya kingine mpaka akamaliza wa pili, nyuma ya Yang Wei wa China kwa 2.600, na mbele ya Mfaransa Benoît Caranobe kwa 0.050 tu. Huo ndio ulikuwa mwanzo.

Tangu mwaka 2009 hadi 2015 hakuna mashindano ya dunia ya vifaa vyote ambayo hakuyashinda: London, Rotterdam, Tokyo, Antwerp, Nanning, Glasgow. Ni mataji sita mfululizo, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuyafikia. Katikati yake kuna dhahabu ya Olimpiki ya London, na baada yake ile ya Rio. Tokyo mwaka 2011, mbele ya watu wa nchi yake iliyokuwa imetoka kupigwa na tetemeko na tsunami miezi michache kabla, alipata 93.631 na kumwacha wa pili, Mjerumani Philipp Boy, kwa 3.101. Katika mchezo ambao mabingwa hutenganishwa kwa sehemu za kumi, hilo ni pengo ambalo sijaliona tena.

Aliwezaje? Watu husema kipaji, na kipaji kilikuwepo. Lakini ukizitazama alama zake utaona jambo moja linarudi: kutua. Chukua wachezaji wawili wanaolingana kwa kila kitu. Mmoja kila akitua anasogeza mguu kidogo, mwingine anatua na kubaki pale pale. Kwa vifaa sita, tofauti tayari ni 0.6. Mtazamaji wa kawaida hataikumbuka hata hatua moja kati ya zile. Karatasi ya waamuzi inazikumbuka zote. Uchimura alifanya kutua kuwa sehemu ya zoezi, wakati wengi waliona ni mwisho wa zoezi. Na alikuwa na mistari mirefu, magoti yaliyonyooka, mzunguko uliomalizika mapema kiasi cha kumpa nafasi ya kuiona sakafu kabla ya kuifikia.

Kutetea dhahabu ya jumla ya Olimpiki ni jambo ambalo kabla yake lilifanywa na wanaume watatu tu: Alberto Braglia wa Italia, Viktor Chukarin wa Umoja wa Kisovyeti, na Sawao Kato wa Japani. Kato alishinda Mexico mwaka 1968, Olimpiki zile zile ambazo Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga waliiletea Uganda medali zake za kwanza. Akarudia Munich mwaka 1972, ambako John Akii-Bua alikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82 na kutupa dhahabu yetu ya kwanza. Mzee yeyote hapa anayeikumbuka Munich kwa sababu ya Akii-Bua, ajue kwamba jirani tu na uwanja ule Wajapani watatu walichukua dhahabu, fedha na shaba ya jumla kwa pamoja.

Turudi Rio

Fainali ya jumla ya Rio ilikuja siku mbili baada ya fainali ya timu, ambayo Japani ilishinda kwa 274.094 dhidi ya 271.453 za Urusi. Dhahabu ya timu ndiyo Uchimura aliyoililia miaka yote. Alikuwa ameshaipata ya dunia Glasgow mwaka 2015, ya kwanza kwa Japani tangu 1978, na hii ya Olimpiki ndiyo iliyokuwa imebaki. Mwili ulikuwa umechoka. Tena katika mchujo alikuwa ameanguka kwenye chuma cha juu, kifaa ambacho dunia nzima ilijua ni chake, akakosa fainali ya kifaa hicho.

Na kifaa cha mwisho cha fainali ya jumla, kwa wote wawili, kilikuwa hicho hicho chuma cha juu.

Uchimura alitangulia. Alifanya zoezi gumu, akaachia na kudaka, akashuka na kusimama kama alivyokusudia: 15.800. Piga hesabu sasa. Verniaiev alikuwa mbele kwa 0.901, kwa hiyo alihitaji kuzidi 14.899. Alikuwa na zoezi lenye ugumu mdogo kuliko la Uchimura, lakini lilitosha kabisa kama angelifanya bila dosari kubwa. Alilifanya vizuri, akashuka, na mguu ukasogea alipotua. Alama ikaja: 14.800. Kosa moja dogo la 0.1 likiondolewa kwenye karatasi ile, angepata 14.900, jumla yake ingekuwa 92.366, na Uchimura angekuwa wa pili kwa 0.001.

Hivyo ndivyo 0.099 inavyosomeka. Ile 0.901 ya kwanza haikufutwa na waamuzi. Ilifutwa na tofauti ya ugumu kwenye chuma cha juu, ambayo Uchimura alikuwa ameijenga kwa miaka, pamoja na hatua ndogo ambazo mwenzake alizifanya na yeye hakuzifanya. Kwa kweli Verniaiev alikuwa mchezaji wa kutisha. Alichukua dhahabu ya fito sambamba siku chache baadaye. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeibiwa wala kupendelewa.

Mwili una deni lake

Wanaume katika jimnastiki hukomaa wakichelewa kuliko wanawake, kwa sababu nguvu za pete na fito huja mtu anapokuwa mtu mzima. Lakini mabega, vifundo vya miguu na mgongo havisubiri. Montreal mwaka 2017, akitafuta taji la saba la dunia, Uchimura alitua vibaya kwenye meza ya kuruka, akaumia kifundo cha mguu na kujitoa. Alikuwa ameshinda mashindano 40 ya jumla mfululizo, ya nyumbani na ya kimataifa, tangu mwaka 2008. Yakaishia hapo, kwenye mkeka, bila mtu yeyote kumshinda kwa alama.

Baadaye mabega yalimlazimisha kukubali alichokuwa amekikataa, yaani kubaki na kifaa kimoja, chuma cha juu. Kwa Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika mwaka 2021 badala ya 2020, alikuja na mojawapo ya vipengele vigumu vya kuachia na kudaka duniani, akakidaka, kisha akaanguka kwenye kipengele kingine cha kawaida zaidi. Hakuingia fainali. Mwezi Oktoba mwaka huo alimaliza wa sita katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kitakyushu, mji aliozaliwa. Januari 2022 akatangaza kustaafu, na Machi akafanya onyesho la kuaga jijini Tokyo. Pale alipanda vifaa vyote sita. Jumla ya medali zake ni saba za Olimpiki, tatu za dhahabu na nne za fedha, na 21 za dunia, kumi zikiwa za dhahabu.

Jambo moja kuhusu riziki, maana kwetu ndilo huulizwa kwanza. Wanajimnastiki wa Japani wengi huajiriwa na makampuni makubwa yenye timu zao. Uchimura alikuwa wa Konami. Mfumo huo si mgeni kwetu: Kiprotich alikuwa askari wa Magereza, Cheptegei ni wa Polisi, na bila mishahara ile riadha ya Uganda isingekuwa hivi ilivyo. Mwishoni mwa 2016 Uchimura aliondoka kwenye ajira hiyo, akawa mwanajimnastiki wa kwanza wa Japani kujitangaza kuwa wa kulipwa, akitaka watoto waone kwamba mchezo huu unaweza kumlisha mtu kwa jina lake mwenyewe.

Warithi hawakuchelewa. Tokyo, siku chache baada ya yeye kuanguka, Daiki Hashimoto mwenye miaka 19 alichukua dhahabu ya jumla kwa 88.465. Xiao Ruoteng wa China akawa wa pili kwa 88.065, na katika alama zake alikatwa 0.3 kwa sababu alipomaliza chuma cha juu alisahau kuwasalimia waamuzi. Ndiyo, kutosalimia kunakatwa. Isingebadilisha dhahabu, kwa kuwa pengo lilikuwa 0.4, lakini mzazi wa huku anayemkemea mtoto kwa kuingia ndani bila kusalimia atafurahi kusikia kwamba kuna mchezo unaomwunga mkono. Paris mwaka 2024 ikawa zamu ya Shinnosuke Oka, 86.832 dhidi ya 86.599 za Zhang Boheng.

Na hapa kwetu?

Medali zote za Olimpiki za Uganda zimetoka kwenye ndondi na riadha. Haimaanishi watoto wetu hawana miili ya kubinuka. Pita mitaa ya Kampala jioni, penye mchanga au tairi kuukuu, utawaona wakipiga sarakasi za nyuma bila godoro wala mwalimu. Vikundi vya sarakasi hupamba harusi na sherehe, na baadhi ya vijana hao wana ujasiri ambao ungewatisha makocha wa Ulaya. Tofauti ni kwamba sarakasi hulipwa kwa makofi, na makofi hayatazami magoti. Mtoto anayebinuka mitaani kwa miaka mitano huku magoti yamepinda amejifunza kosa la 0.3 kwa ufasaha mkubwa, na kumwondolea ni kazi kuliko kumfundisha upya.

Vifaa ni ghali, hilo halifichiki. Sakafu ya springi, mashimo yenye sponji ya kuangukia, pete na fito za viwango havinunuliwi kwa michango ya mtaa. Hata medali ya kwanza ya Afrika katika jimnastiki ya Olimpiki, dhahabu ya Kaylia Nemour wa Algeria kwenye fito za wanawake mjini Paris, 15.700, ililelewa katika kumbi za Ufaransa, alikozaliwa. Naipenda medali ile, na bado naona ukweli huo haupaswi kufunikwa.

Hata hivyo kuna kitu kimoja kisicho na bei kubwa, nacho ningekianza leo: macho. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi akifundishwa kanuni za kukata alama, anaweza kumsimamisha mtoto kwenye nyasi, aruke tu na kutua, na amkate 0.1 kwa kila hatua ya ziada. Wazazi wa Uchimura walikuwa na ukumbi, lakini kilichokuwa kwenye ukumbi ule tangu siku ya kwanza ni watu wawili waliojua kuona kosa.

Kanuni nazo hazijasimama. Tangu mashindano ya dunia ya mwaka 2023 kompyuta za Fujitsu zenye kamera huwasaidia waamuzi kupima pembe za mwili kwenye vifaa vyote. Na kuanzia mwaka 2025, vipengele vinavyohesabiwa kwa wanaume vimepunguzwa kutoka kumi hadi vinane. Zoezi ni fupi, kwa hiyo mahali pa kuficha udhaifu pamepungua, na kutua kuna uzito mkubwa zaidi katika jumla. Kuelekea Los Angeles 2028, wachezaji waliozoea kurundika vipengele vigumu ili kufidia uchafu wa utekelezaji ndio watakaobanwa kwanza.